Nilivyompiga Picha Johari, Samaki wa Bi Zuhura

Samaki hasikii ukimwambia atulie. Mtu unamwambia, "Kaa wima, inua kidevu, usipepese," naye anakaa kama nguzo mpaka umalize. Mtoto unampigia makofi, anatazama unakotaka. Hata ng'ombe ukimshikia majani anasimama. Samaki ana mambo yake.

Nawaandikia ninyi vijana mlioanza kazi ya picha hapa Musoma, na wale wa Bunda walionijia kibarazani wakitaka niwaeleze tulivyofanya kazi zamani za Mwingereza. Mimi niliishia darasa la nne na mkono wangu unaandika polepole. Mnisome hivyohivyo polepole. Wengi huniuliza habari za harusi na za wakubwa waliopita mbele ya kamera yangu. Habari za samaki haniulizi mtu, na kama kuna kazi iliyonifanya mpiga picha, ni ile ya samaki.

Kwanza nitoe ujuzi, maana hadithi bila ujuzi haitawasaidia kazini. Ukitaka kumpiga picha samaki aliye ndani ya sanduku la kioo, maji yateke tangu jana yake. Maji mapya huzaa povu dogodogo linaloganda kwenye kioo, na kwenye picha utadhani samaki ana ndui. Asubuhi hiyo mwambie mwenyewe asimlishe. Samaki aliyeshiba huburuta uzi wa kinyesi nyuma yake, mrefu kuliko mkia, na hakuna mwenye samaki atakayeweka picha hiyo ukutani. Kioo kifute kwa gazeti na siki. Halafu tumbukiza kipande kingine cha kioo ndani ya maji, nyuma ya samaki, umsogeze kidogokidogo mpaka abaki na nafasi ya upana wa viganja viwili tu. Hapo hawezi kukukimbilia nyuma, na kamera yako itamwona sawasawa. Mwisho, jitande nguo nyeusi wewe na kamera yako, isibaki hata kifungo cheupe cha shati.

Hilo la nguo nyeusi nililijua kwa aibu. Mwaka wa kwanza niliotumwa kwenye maonyesho, nilipiga samaki wa mke wa ofisa mmoja wa serikali kwa taa ile ya kuwaka mara moja. Picha ilipotoka, samaki hayupo. Nipo mimi kwenye kioo, na kamera, na tumbo langu, na nyuma yangu kofia ya yule mama ina ua. Fundi wangu aliitazama sana kisha akasema, "Kosmasi, hii usiitupe. Siku ukioa, mpelekee mkweo."

Fundi huyo ni Yusufu, Mmanyema aliyekulia Tabora, na studio yake ilikuwa Iringo, mtaa wa hapa mjini, chumba cha mbele na chumba cha giza nyuma. Mimi nilitoka Butiama, nyumba ya Wakatoliki wenye ng'ombe na mtama. Alinichukua nikiwa na miaka ishirini na miwili, na nilipofikia haya ninayoyasimulia nilikuwa na ishirini na mitano, mtu mzima, lakini haya ilikuwa imenikaa mwilini kama homa ya vipindi. Mteja akiingia, nilikuwa namsalimu nikitazama viatu vyake. Nilijua watu wa Musoma kwa viatu. Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi, basi tuligawana: yeye azungumze, mimi nishughulikie kamera.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo kosa langu lilipo. Filamu tulizotumia kila siku zilikuwa zile zisizoona nyekundu. Faida yake ni kwamba ukiwa chumba cha giza unaweza kuwasha taa nyekundu na kuona unachofanya. Hasara yake ni kwamba kila chekundu hutoka cheusi. Bibi harusi akija na gauni jekundu, anatoka kama amefiwa. "Kwenye filamu hii," Fundi alikuwa akisema, "nyekundu ni usiku." Kwa kazi kubwa alikuwa na pakiti mbili za filamu nyingine kabatini, zinazoona rangi zote, ila hizo zilikuwa ghali na husafishwa gizani kabisa, unapapasa kama kipofu. Zilifungiwa, na ufunguo alikaa nao yeye. Ukizitaka, unaomba.

Maonyesho yenyewe yalikuwa ya wilaya, uwanjani, karibu na ziwa. Watu walileta pamba, mahindi, mafahari, mikeka, vyungu. Pembeni palikuwa na turubai la samaki wa pambo. Yule mke wa ofisa ndiye aliyelianzisha, na wenye maduka wa Kihindi na mafundi wa mjini wakamfuata. Masanduku ya vioo yaliazimwa Kisumu, yakaja kwa meli, na jioni yakarudishwa melini. Si yetu.

Watu wetu walicheka sana. Mahali ambapo kila nyumba inanuka sato na dagaa, mtu anakuja kufuga samaki wa kutazamwa! Mama yangu alikuja kutoka Butiama na ndizi za kuuza, akachungulia turubai, akatoka ameshika kiuno.

"Kosmasi, wale wanapikwaga na nini?"

"Hawaliwi, mama."

"Hawaliwi? Wanauma?"

"Wanatazamwa tu."

Akanitazama kwa huruma. "Na wewe ndiyo kazi waliyokupa. Haya. Mungu ni mwema."

Kabla ya maonyesho hayo, kama siku nne hivi, aliingia studio Bi Mwajuma, mama mmoja wa Iringo mwenye ulimi unaokata. Alitumwa na mdogo wake, Bi Zuhura. Mume wa Bi Zuhura, Mzee Athumani fundi cherehani, alikuwa amefariki yapata miezi mitatu. Bi Zuhura alikuwa ndani amekaa eda. Ninyi msio Waislamu, kama mimi, mjue kwamba mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, na wanaume wasio ndugu zake hawamwoni.

Bi Mwajuma alisema tufike nyumbani. Tukaenda na Fundi, tukakaa kwenye viti vya ukumbini, na mbele yetu mlango wa chumba wenye pazia la maua ya kijani. Sauti ya Bi Zuhura ilitoka nyuma ya pazia, ndogo, haina haraka.

"Fundi Yusufu, nina samaki. Mnamjua?"

Mji mzima ulimjua. Mzee Athumani na rafiki yake Magesa, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba Bunda, walimleta kutoka Kisumu ndani ya debe, wamepokezana kulishika melini mpaka mikono ikafa ganzi. Wakati huo alikuwa kama kidole. Mzee Athumani alimtia kwenye birika la saruji uani, akakua akawa kama kiganja cha mtu mzima, mwekundu, na mkia unaoanguka kama shela. Wakamwita Johari.

"Miaka mitano nimemlisha," sauti ilisema, "na sijamwona. Naona mgongo. Birika ni la saruji, unasimama juu unatazama chini, unaona mgongo na mkia. Marehemu alimwona Kisumu kwenye kioo, alikuwa ananisimulia. Akaniahidi mwaka huu atampeleka maonyesho, nami nitakwenda nimwone kwa ubavu."

"Si tulimtia kwenye chupa ya peremende," Bi Mwajuma akadakia. "Tukaona jicho tu, kubwa kama la ng'ombe. Nusura afe."

"Dada, niache nimalize. Fundi, marehemu aliusia Johari akishaonyeshwa aende kwa Magesa, Bunda, kwa sababu walimleta wote. Usia siwezi kuuvunja. Magesa atakuja siku hiyo, atamchukua uwanjani na kupanda naye basi. Mimi siwezi kutoka. Basi nataka picha. Nimwone ubavuni jinsi alivyo. Sitaki kingine."

Fundi alisema, "Bi Zuhura, utampata. Atapiga Kosmasi, yeye ndiye mwenye subira ya samaki."

"Huyo Kosmasi yupo hapo?"

"Yupo."

"Mbona kimya?"

"Ni Mzanaki wa kwetu dukani," alisema Fundi. "Anasema kwa mwaka mara mbili."

Njiani kurudi niliwaza: mwekundu. Samaki mwekundu, na filamu yetu haioni nyekundu. Niliwaza pia ile pakiti ya kabatini. Nilikusudia kuomba. Siku ya kwanza Fundi alikuwa na wageni. Siku ya pili alikuwa na hasira na fundi wa paa. Siku ya tatu nilisimama mbele yake, nikamtazama viatu, nikasema, "Fundi." Akasema, "Naam?" Nikasema, "Chai yako inapoa." Kisha nikajidanganya kwamba Johari si mwekundu hasa, ni kama rangi ya chungwa, huenda akatoka kijivu kizuri. Vijana, mtu mwenye haya hupata hoja nyingi sana za kutofungua mdomo.

Siku ya maonyesho nilifika alfajiri. Nilifanya kila kitu nilichowaeleza hapo juu: maji ya jana, siki, kioo cha pili, nguo nyeusi. Magesa alikuwepo na debe lake, mtu mpana mwenye mafuta ya mashine kwenye kucha, amesimama karibu na Johari kama askari.

"Usimchokoze," aliniambia.

"Simchokozi."

"Nakuonaga unamsukuma na hicho kioo."

"Namsogeza."

"Msogeze kwa adabu basi. Huyo nimembeba mimi."

Nilikuwa na filamu sita. Chini ya nguo nyeusi, kwenye kioo cha nyuma ya kamera, kila kitu huonekana miguu juu kichwa chini, basi nilimtazama Johari akiogelea mgongo chini kwa muda wa saa mbili. Nne za kwanza alikuwa anageuka. Ya tano alisimama. Alisimama kabisa, mkia umefunguka wote, na jicho lake likanitazama. Nikabonyeza. Nilijua nimempata. Ya sita nilipiga kwa furaha tu. Saa tisa Magesa alimtia debeni, akafunika kwa kaniki yenye maji, akapanda basi la Bunda. Jioni meli ikachukua masanduku.

Chumba cha giza kina ukweli wake. Kwenye filamu, mnajua, mambo ni kinyume: cheupe huwa cheusi, na cheusi huwa wazi kama kioo. Chini ya taa nyekundu nikaona majani ya maji yametokea, ukingo wa sanduku umetokea, ncha nyeupe za mkia zimetokea. Katikati, palipokuwa na Johari, filamu ilikuwa wazi. Tundu lenye umbo la samaki. Nikajua hapohapo. Hata hivyo nikachapa. Akatoka mweusi tii kama kipande cha makaa, hana gamba, hana jicho, na ncha za mkia zinang'aa kama meno.

Fundi alikuwa amekwenda Mwanza kununua dawa, arudi keshokutwa. Ningeweza kumngoja yeye akaseme. Lakini Bi Mwajuma alikuwa amekwisha kusimama mlangoni asubuhi iliyofuata.

"Tayari?"

"Imetoka, lakini..."

"Lakini nini? Twende, mwenzio hajalala."

Nilikaa kwenye kiti kilekile. Bi Mwajuma alipitisha picha chini ya pazia. Nikasikia karatasi inageuzwa, inarudishwa.

"Huyu mweusi ni nani?" aliuliza Bi Zuhura.

Nilitazama maua ya pazia.

"Mmemvika kaniki samaki wangu?"

Bi Mwajuma alicheka, kisha akanyamaza, maana kutoka nyuma ya pazia tulisikia mtu anavuta pumzi kwa shida. Nimepiga picha misiba mingi tangu siku hiyo, na bado pumzi ile naikumbuka.

Ndipo nikasema. Sijui nilitoa wapi. Nadhani pazia lilinisaidia. Hapakuwa na uso wa kuuonea haya, wala viatu. Nilimwambia filamu yetu haioni nyekundu, kwamba nilijua tangu mwanzo, kwamba ilikuwepo nyingine kabatini, na sikuiomba kwa sababu niliona haya kuomba.

"Haya!" Bi Mwajuma alisema. "Mwanamume mzima ameona haya! Sisi tunaokaa ndani tufanye nini?"

"Dada, nyamaza." Kisha kwangu: "Wewe ulimwona?"

"Nilimwona, mama. Saa mbili nzima."

"Basi niambie."

Nikamwambia. Nilimwambia magamba yake si mekundu sawa, kila moja lina ukingo uliofifia, kama kigae kilichopigwa jua. Nikamwambia tumbo lake si jekundu kabisa, linaishia rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Shavu lake hufunguka na kufunga kama mlango ulioachwa kwenye upepo, na ndani yake ni pekundu kuliko nje. Mdomo ni mdogo, unakwenda kama mtu anayetafuna karafuu. Nikamwambia mkia hauanzi palepale unapouona ukiwa juu, unaanza mbele zaidi, unashuka kwa mikunjo minne, na akisimama mikunjo ile inaendelea kushuka kidogo kama nguo ya mtu aliyekaa chini sasa hivi. Nilisema mpaka koo likakauka.

"Kumbe ana mdomo huyu," Bi Mwajuma alinong'ona.

"Endelea," alisema Bi Zuhura.

Nikaendelea mpaka sikuwa na kitu tena. Bi Zuhura akasema kwa upole, "Maneno yako mazuri, mwanangu. Mungu akulipe. Lakini marehemu naye alinipa maneno. Nilitaka macho yangu."

Fundi aliporudi nilimweleza yote kabla hajavua viatu. Hakukasirika kwa filamu sita. Alikasirika kwa kitu kingine. "Mdomo umepewa wa kulia ugali tu? Pakiti iko pale, mimi niko hapa, wewe unaniambia chai inapoa?" Akatoa ufunguo mfukoni akautundika kwenye msumari ukutani, wazi, na tangu siku hiyo haukuondoka pale mpaka studio ilipofungwa. Kisha akaniambia niende Bunda.

Nilipanda basi na kamera, na filamu mpya, na vioo vinne vya dirisha vilivyofungwa kwenye blanketi. Magesa alikuwa amemweka Johari kwenye pipa lililokatwa, nyuma ya nyumba yake. Nilipomweleza, alikuna kichwa.

"Kwa hiyo unataka sanduku."

"Nataka sanduku."

"Mimi natengenezaga mashine za pamba, si masanduku ya samaki."

Lakini alikuwa amekwisha kuvishika vile vioo, anavipima kwa vidole. Tulijenga kwa siku mbili, kitako cha mbao, vioo vikashikwa kwa lami. Likavuja. Tukaongeza lami, likavuja upande wa pili. Mwishowe Magesa alichukua pamba, akaisokota, akaichovya kwenye lami ya moto na kuishindilia kwenye pembe zote kwa bisibisi, kama mtu anayeziba mtumbwi. Tulitia maji, tukakaa tunatazama pembe. Halikuvuja. Maji tukayaacha yalale.

Kesho yake nilipiga filamu nne. Johari alikuwa mgeni kwenye sanduku na hakutulia. Upande mmoja tu, wa kulia, alinipa mara moja.

Nikarudi nazo studio. Kusafisha filamu zile kulihitaji giza tupu, wala hatukuwa na saa ya kuonekana gizani. Fundi Yusufu alihesabu muda kwa tasbihi, mimi kwa Salamu Maria. Tulikuwa tumesimama bega kwa bega, mikono kwenye dawa, kila mtu ananong'ona yake.

"Umefika ngapi?" aliuliza.

"Kumi na tano."

"Unakimbia. Mtu hasali hivyo."

"Wewe ndiye unakokota."

"Nakokota kwa sababu namheshimu ninayemtaja. Punguza mwendo."

Nikapunguza. Tulipokubaliana wote wawili, tukaitoa. Alipotokea, Johari alikuwa na kila gamba lake. Fundi alimpaka rangi kwa mkono, kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, nami nikasimama nyuma nikisema, "Hapo pafifie, fundi. Tumbo ni la maziwa." Alifanya nilivyosema. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kumwelekeza.

Picha ilipita chini ya pazia. Safari hii sikusikia karatasi ikigeuzwa. Bi Mwajuma aliingia ndani, naye akakaa kimya, jambo ambalo sijalisikia tena. Baada ya muda mrefu sauti ya Bi Zuhura ilisema, "Ndiye." Halafu, "Mikunjo minne kweli." Halafu akacheka kidogo, cheko la mtu aliyesahau jinsi linavyoanza.

Nilisimama niage.

"Mwanangu, ngoja. Na ubavu wa pili?"

"Mama?"

"Huu ni mmoja. Samaki ana mbavu mbili. Wa pili ukoje?"

Kwenye maonyesho Johari alinigeukia mara nyingi, lakini macho yangu yalikuwa yanasubiri upande wa kupiga. Ule mwingine nilikuwa nautazama kama kitu cha kungoja kipite. "Mama," nilisema, "ubavu wa pili uko Bunda."

Nikasikia karatasi inawekwa chini. Kisha: "Dada, zimebaki siku ngapi?"

"Kumi na sita," alisema Bi Mwajuma. "Usiniambie..."

"Basi linaondoka saa ngapi?"

"Zuhura! Wewe hujawahi kupita hata Kigera hapo jirani!"

"Ndiyo maana nauliza saa."

Siku ya kumi na nane, eda imekwisha, mlango wa studio ulifunguliwa, na viatu viwili nisivyovijua vikasimama mbele yangu. Niliinua macho. Alikuwa mama mfupi, amevaa baibui, uso umekonda, mdogo kuliko nilivyomfikiri kwa sauti yake. Bi Mwajuma alikuwa nyuma na kikapu, analalamika juu ya dereva.

"Wewe ndiye yule wa pazia?" aliuliza.

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sauti yako ni kubwa kuliko wewe," alisema. Wakaenda kituoni.

Sikwenda nao. Yaliyobaki alinieleza Magesa, alipokuja mjini kutafuta vipuri, na alinieleza akigeuza kofia yake mikononi. Alisema alikuwa amebadilisha maji ya sanduku tangu asubuhi na kuliweka barazani penye mwanga. Bi Zuhura alifika, akasalimu, hakutaka chai. Aliketi kwenye mkeka mbele ya kioo. Bi Mwajuma alikwenda kwa mke wa Magesa kupumzika. Johari alikuwa amewaonyesha ubavu ule wa kulia, na hakugeuka upesi. Bi Zuhura hakugonga kioo, hakuzunguka. Alingoja.

Samaki alipogeuka, alisogeza uso mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa ncha ya baibui. Alitazama sana. Halafu akaweka kidole kwenye kioo, chini kidogo ya pezi, na akasema bila kugeuka nyuma, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili:

"Athumani, njoo uone. Huku ana doa jeupe."

Mwenyewe alisikia alichosema, maana kidole kilibaki pale na mabega yakaanguka. Magesa alikuwa amesimama nyuma yake. Akavua kofia, akachuchumaa kando yake, akatazama palipokuwa na kidole.

"Naliona, shemeji," alimwambia. "Lipo. Naliona."